Haya ya Mama wa Viazi Karai

Mama auzaye viazi karai Mtopanga ana sauti ya kukwaruza, masalio ya saratani ya koo. Daktari alimweleza kwamba yake ililetwa na virusi vya HPV, na ya namna hiyo hupona zaidi kuliko ya sigara. Lakini virusi hivyo huambukizwa kitandani, naye akaona haya kuvitaja. Kliniki alikaa na Kaingu, mvunja mawe wa Mwakirunge, mvutaji wa miaka mingi. "Ugonjwa wetu mmoja, mama," Kaingu alizoea kumwambia. "Ukipona wewe, nami nishapona." Naye mama alikuwa akiitikia, "Inshallah." Mama alipopata nafuu, Kaingu akaacha matibabu ya mionzi katikati, akarudi timboni. Matangani, mjane wa Kaingu alimwuliza, "Mbona wewe ukapona?" Angeweza kuvitaja virusi hata siku ile. Akajibu, "Ni Mungu tu, mwanangu."