Ukuta wa Uani

Radhia Mrisho alirudi kwa mama yake akiwa na cherehani na talaka. Mama yake, Bi Swaumu, hakumuuliza mengi. Alimwonyesha chumba cha mbele, akamwambia chai ipo kwenye chupa, maisha yakaendelea. Radhia akaweka cherehani barazani, akawa anashona sare za shule na magauni ya wanawake wa mtaani, na kwa miaka mingi nyumba ile ilikuwa ya watu wawili tu, mama na binti yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa katikati ya mji wa Singida. Marehemu Mzee Mrisho aliijenga enzi alizokuwa akizunguka vijijini kununua alizeti na asali. Aliijenga kama walivyojenga wafanyabiashara wa wakati wake: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani papana, pa kupikia pilau la harusi na kuanikia nafaka. Chumba cha Bi Swaumu kilikuwa cha mwisho kabisa na dirisha lake lilitazama huko uani. Upepo wa Singida hauombi ruhusa. Ukitoka upande wa ziwa unaingia na vumbi lake, unapindua vikombe, unagonga mabati. Bi Swaumu aliulaumu upepo huo kila siku aliyofagia, lakini dirisha lake hakulifunga.

Mtoto wake wa mwisho, Abdulhamidi, aliuza spea za pikipiki katika fremu ya duka ya kupanga. Biashara ilimkubali. Siku moja baada ya futari alikuja na fundi wake, mtu wa makamo aitwaye Paskali, wakasimama uani wakipima kwa kamba. Radhia alikuwa akiosha vyombo.

"Mnapima nini?"

"Dada, hapa pamelala bure," Abdulhamidi akasema. "Mjini hakuna mtu anayeacha eneo kama hili kuku wapite. Nataka niweke stoo, na vyumba vya kupangisha huku nyuma. Mbele nitoboe fremu yangu mwenyewe."

"Na dirisha la mama?"

"Mama nitamwekea taa nzuri. Na feni."

Paskali alikohoa kidogo. Alisema wakirudisha ukuta nyuma kiasi cha mtu kupita, dirisha lingebaki na pumzi. Abdulhamidi akamjibu kwamba kipande hicho cha mtu kupita ndicho hasa anachokihitaji kupangia matairi. Paskali alikuwa mtu wa kazi. Alikunja kamba yake.

Radhia alikimbilia kwa mama, akidhani huko ndiko shauri lingeishia. Bi Swaumu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwache mwenzio ajenge. Yeye ndiye aliyebaki kuliendeleza jina la baba yenu. Mimi dirisha la nini? Nimwangalie nani huko nje?"

Neno lile lilimkaa Radhia kifuani. Yeye ndiye aliyemkanda miguu mama yule kila jioni, yeye ndiye aliyemwamsha kula, na jina la baba lilikuwa lake pia. Alirudi uani kumalizia vyombo.

Ukuta ulipanda kwa siku chache tu. Paskali alifika kwenye dirisha akaendelea kupanga matofali mbele yake, na mwisho ukifungua vioo unagusa saruji. Uani palifunikwa kwa bati, na mbele, kando ya baraza, pakatobolewa fremu ambamo Abdulhamidi alihamishia duka lake. Vyumba vya nyuma vikapata wapangaji, mmoja wao kijana wa bodaboda aitwaye Alphonce, wengine akina mama wa sokoni na watoto wao. Wote walipita ukumbi uleule, wakatumia choo kimoja, wakapikia mkaa kwenye korido. Feni ya Bi Swaumu ilizunguka mchana kutwa ikirudisha joto lilelile na moshi uleule. Ndani mle mkawa na harufu ya nguo mbichi. Mama alipoulizwa alisema pazuri, vumbi limepungua.

Ugonjwa ulipofika mjini, haukuitwa kwa jina lake. Watu walisema mafua makali, walisema changamoto ya kupumua, na matangazo ya misiba yalipozidi misikitini na makanisani walishusha sauti. Mbele ya maduka mengi paliwekwa ndoo za maji zenye koki. Duka la Abdulhamidi lilikuwa na ndoo nzuri kuliko zote mtaani, ya bluu, na sabuni yake. Mteja alinawa, akaingia. Kwa nyuma ya duka hilo watu wazima na watoto walikuwa wakipumuliana.

Aliyeanza kukohoa ni Abdulhamidi mwenyewe. Kikohozi hakikumlaza. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka alipita kumwamkia mama yake, akaketi kitandani pake, akamshika mkono, akamsimulia habari za mji. Lazima hili lisemwe: alimpenda mama yake. Hakuna siku aliyoruka. Radhia alimwambia, "Kaa mlangoni, ndugu yangu, mpaka kifua kipoe," naye akajibu, "Nimwamkie mama yangu kama mgeni?"

Haikupita wiki, Bi Swaumu akashindwa kuamka kama kawaida yake, kifua kimembana. Abdulhamidi alileta majani ya mpera, mchaichai na malimau, wakachemsha sufuria, wakamfunika blanketi mle chumbani. Mvuke ulijaa mpaka kuta zikatoa jasho. Bi kizee alitoka ndani ya blanketi akiwa anatafuta hewa kwa mdomo, kama kuku aliyebanwa kwenye tenga.

Radhia alimwita Anastazia, muuguzi aliyekuwa mteja wake wa magauni. Anastazia alikuja akitoka kazini, amevaa barakoa, akasimama katikati ya chumba akatazama huku na huku.

"Dirisha liko wapi?"

Radhia akavuta pazia. Anastazia aliiona ile saruji, akamgeukia Radhia.

"Mpelekeni hospitali leo. Anahitaji oksijeni. Na hata kama mnasubiri gari, msisubirie humu. Humu mnamrudishia pumzi zake mwenyewe, na za kwenu juu yake."

Abdulhamidi alikuwa mlangoni. "Dada Anastazia, asante. Ila hospitali hapana. Akionekana tu anapakiwa kwenye gari, mtaa mzima utasema nyumba ya Mzee Mrisho ina ule ugonjwa. Nani ataingia dukani?"

"Nani ataingia kaburini?" Radhia akamuuliza.

"Usiniapizie mama yangu!"

Bi Swaumu mwenyewe alitikisa kichwa juu ya mto. Hospitali hataki. Alikuwa amesikia habari za waliokwenda, na alitaka kuoshwa na watu anaowajua. Anastazia alimbembeleza sana, akashindwa, akaondoka akifuta macho.

Radhia akampigia simu Paskali. Fundi alikuja upesi, na nyundo na tindo lake kwenye mfuko. Kwa upande wa pili wa ukuta palikuwa na stoo ya matairi, na stoo ilikuwa na mlango mpana wa kupokelea mizigo. Ukitoboa pale na kuuacha ule mlango wazi, angalau hewa ingepita. Paskali aliweka tindo kwenye tofali, na sauti ya kwanza tu ya nyundo ikamfanya Bi Swaumu ainue kichwa.

"Nani huyo anavunja?"

"Ni Paskali, mama. Tunakutobolea upate hewa."

"Ukuta wa mwanangu?" Alipumzika, akavuta, akapumzika tena. "Ukuta wa mwanangu usiguswe nikiwa hai. Mwambie aende."

Paskali alishusha mikono. Radhia alimwambia apige, asimsikilize. Lakini fundi hakuweza kupiga mbele ya mama mwenye nyumba anayemkataza. Alikusanya vifaa vyake akasema, "Nisamehe, Radhia," akatoka.

Kilichobaki ni baraza. Radhia alimwomba Alphonce, ambaye naye alikuwa akikohoa, wasaidiane. Walimbeba Bi Swaumu na godoro lake, wakapita ukumbini, wakamlaza nje kando ya cherehani, mito miwili mgongoni. Upepo ulikuwa ukivuma. Ulimpeperushia kanga, Radhia akaichomeka chini ya godoro. Baada ya muda bi kizee alifumbua macho akaitazama barabara. Aliomba uji, akanywa nusu kikombe. Alimuuliza Radhia yule mtoto wa jirani amekuwa mkubwa lini vile. Radhia alicheka kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze.

Ila mtaa ulikuwa unatazama. Waliokuwa wakija walivuka wakapita upande wa pili. Kijana mmoja aliyekuja kununua cheni ya pikipiki alimwona mgonjwa, akageuza. Mwingine naye akageuza. Abdulhamidi akatoka dukani.

"Radhia, unanifanya nini? Unamwanika mama barabarani kama mahindi?"

"Namwanika? Mtazame. Anaongea. Mle ndani aliongea lini?"

"Watu wanapita!"

"Wapite. Wao wana pumzi zao."

"Hilo duka ndilo linalomlisha! Ndilo linalokulisha na wewe, uliyerudi hapa na cherehani!"

Radhia alisimama. Huenda angempiga, wala haingekuwa mara ya kwanza, maana yeye ndiye aliyemlea mgongoni. Lakini mama yao aliinua mkono. Alikuwa amewasikia wote.

"Nirudisheni ndani," akasema.

"Mama, hapa unapumua."

"Nirudisheni. Sitaki mwanangu aharibikiwe kwa ajili yangu."

Radhia alikataa kumbeba. Abdulhamidi alimbeba mwenyewe, mikononi, kwa upole, akilia waziwazi, akamrudisha kwenye chumba kile na kumwashia feni. Bi Swaumu alifariki kesho yake adhuhuri, na Radhia akiwa ameshika ukingo wa pazia lile lisilofunika kitu.

Walimwosha wanawake aliowajua. Kwenye matanga watu walimpa pole Abdulhamidi kwanza, kama ilivyo desturi, na kila mmoja alisema bibi alikuwa mtu mzima, siku zake zilifika. Abdulhamidi aliitikia, "Ndiyo, ni uzee." Mara ya mwisho aliposema hivyo Radhia alikuwa akipita na sinia la vikombe. Alisimama.

"Haukuwa uzee. Sema ukweli mbele ya watu. Tulimfungia."

Shangazi mmoja alimshika bega akamtoa nje. Waliobaki walisema majonzi yamemzidi. Alphonce alizidiwa wiki ileile, akapona nusu. Hakuweza tena kukaa kwenye pikipiki siku nzima, akarudi kwao Nduguti. Chumba chake kikapata mpangaji mwingine kabla ya mwezi kwisha. Abdulhamidi alikipaka rangi chumba cha Bi Swaumu, akakijaza makopo ya mafuta ya injini.

Radhia aliuza mikufu yake na kitanda, akahamia Unyambwa, nje kidogo ya mji, kwenye kiwanja alichokuwa amekinunua zamani na kukiacha kiote majani. Alijenga vyumba viwili katikati kabisa ya kiwanja, mbali na kila mpaka. Wateja wengi hawakumfuata huko. Sasa anashona viraka zaidi ya magauni. Siku za sikukuu Abdulhamidi huja na sukari na mchele. "Shikamoo, dada." "Marahaba." Radhia anapokea mfuko, anamletea kiti nje, wanakaa mpaka maneno yanaisha, nayo huisha mapema.

Mwaka jana mwalimu kijana, Godfrey, alinunua kiwanja cha pembeni. Ni mtu mwema na mkewe Happiness alikuwa mjamzito. Alikuja kwa adabu kumwomba Radhia aruhusu banda lao la jiko lijengwe pale mpakani, kwa kuwa upande mwingine kuna mwamba.

"Hapana," Radhia akasema.

"Mama, ni jiko dogo tu. Ni mbali na nyumba yako."

"Leo jiko. Kesho utaweka chumba, keshokutwa mwanao ataziba nafasi ya katikati. Nimesema hapana."

Alikwenda hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, akasimama kidete, akashinda. Godfrey alipasua mwamba kwa moto na nyundo, akalijenga jiko lake huko. Happiness alijifungua salama, lakini Radhia hakualikwa kumwona mtoto. Mtaani wanasema yule mama wa mjini ana roho mbaya, na watoto wakiona mpira umeangukia kwake hawaendi kuuchukua. Yeye huuokota akauweka mpakani, kisha akarudi kwenye cherehani yake.