Swali Asilouliza Ikhlas

Ikhlas, fundi cherehani jirani yangu hapa ugenini Deira, ni mtu wa Baghdad. Nilikuwepo alipofika na begi moja. Mumewe Junaid, Msuni, aliuawa na bomu sokoni mwaka 2006, nchi ikiwa chini ya majeshi ya kigeni. Watu wakasema bomu walilitega Mashia wa mtaani. Ikhlas, anayeniita khala, yaani mama mdogo, hakubali hata kidogo.

"Ni wageni, khala. Asubuhi ile askari wao waliondoa kizuizi, gari lisilo na namba likapita."

"Uliliona?"

"Niliambiwa."

"Basi hujui, mwanangu."

"Nikijua ni watoto wa Najiya, nitarudi kwa nani?"

Najiya ni jirani yake wa huko, Mshia. Kila Ashura alimletea sahani ya wali mtamu wa zafarani, na Ikhlas hakuirudisha tupu hata mara moja.

Jana Najiya alipiga simu nikiwa kwa Ikhlas. "Nyumba yako nimeitunza. Njoo."

Nikamnong'oneza Ikhlas, "Muulize leo ni nani aliyelitega, moyo wako utulie."

Akanitazama, machozi yakimlenga. Kisha akamwuliza Najiya kama mdanzi wa uani, ule mchungwa mchachu, bado unazaa. Akaambiwa unazaa sana. Akaomba atumiwe picha.