Kusonga Ugali Bila Sufuria

Jimu ya Bondeni haikuwa na kioo wala feni. Ilikuwa na bomba nene la chuma, rimu za magari, mikebe iliyojazwa saruji, na kocha mwenye mdomo. Nilianza kuinua vyuma pale nikiwa shule ya upili. Miaka ya kutangatanga, nikipakia viazi Molo na maua Naivasha, harufu ya ile kutu ilinifuata kama chapati za nyumbani zinavyowafuata wengine. Kila nikirudi Nakuru naenda kuinua bomba kwanza, ndipo natafuta pa kulala.

Niliporudi mara ya mwisho, bega la kulia lilikataa. Bomba lenye rimu lilikuwa limefika usawa wa kichwa, jimu nzima ikipiga kelele, "Kaza! Kaza!", nikasikia kitu kikichanika ndani kama shuka kuukuu. Tangu siku hiyo mkono haukupita kifua. Shati nililivaa kwa kujipinda kama nyoka. Na mtu anayekula kwa kupakia magunia popote anapofika, bega likimfia, yeye mwenyewe ni gunia.

Kocha alikuwa na tiba moja ya magonjwa yote: kuvutwa. Goti likiuma, mguu unavutwa. Mgongo ukiuma, unaning'inia kwenye chuma na wanaume wawili wanakuvuta miguu kama wanaochuna mbuzi. Nami nikavutwa mkono. Nilitoa machozi, wakanipigia makofi.

"Umesikia hiyo 'ta'?" kocha akasema. "Ni mshipa umerudi nyumbani."

Aliyerudi nyumbani ni mimi, nimeukumbatia mkono kama mtoto mchanga.

Washauri hawakuisha. Mmoja aliapia mafuta ya mbuni. Mwingine akasema niende Kikopey, ninywe supu ya mifupa, mfupa huponya mfupa. Nilikwenda. Supu ilikuwa tamu sana. Bega halikuionja.

Mwisho nikaenda kliniki moja kule Lanet. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa binti wa rika la mpwa wangu. Aliniita mzee, neno lililoniuma kuliko bega.

"Mzee, inama, shika meza na huo mkono mzima. Huu mwingine uache uning'inie. Sasa songa ugali."

"Ugali gani, daktari?"

"Wa hewa. Polepole. Na usikaze, legeza."

Legeza! Kule jimu hilo lilikuwa tusi la kupigania.

Chumba nilichokodi hakikuniruhusu kuinama bila kugonga kitanda, kwa hivyo ugali wangu niliusongea jimu, pembeni, nimeshika ukuta. Mabingwa wale wa Bondeni, ambao nusu yao hawawezi kujikuna mgongo, wakapata sinema.

"Mathe, maji yamechemka?"

"Mathe, usisahau sukuma wiki!"

Jina likanishika. Hata kocha aliniita Mathe, yaani mama wa jikoni. Nilisonga. Baadaye fizio akanipa kazi ya kuinua fimbo ya ufagio, kisha kuvuta kipande cha tyubu kilichofungwa mlangoni. Mkono ukapanda mpaka kidevuni, mpaka sikioni, kwa mwendo wa kinyonga. Siku aliyoniruhusu kujaribu bomba tupu, aliniambia nikome pale bega litakapouma.

Nililiinua jimu, mbele ya wale mabingwa. "Kaza!" wakapiga kelele, kama kawaida. Bomba likapita kichwa, mikono ikanyooka, wala hapakuuma.

"Hiyo ni uji tu," kocha akasema.

"Si uji ndio mgonjwa hupewa, kocha?"

Wiki hiyohiyo akaingia fundi wa mawe, ameshika bega. Kocha akaniwekea mkono mgongoni.

"Unamwona huyu? Alikuja hapa mkono umekufa. Nilimvuta mara moja tu."

Nilitafuta haya usoni mwake, sikuiona. Aliamini kila neno. Afadhali angekuwa mwongo, mwongo huchoka. Wale wanaume wawili wa kuvuta walikuwa tayari wanapangusa viganja kwenye suruali, na fundi ananitazama mimi, ushahidi.

"Boss, kuja hapa," nikamwambia. "Shika ukuta. Inama."

"Nifanye nini?"

"Songa ugali."

Jimu ikavunjika kwa kicheko. "Mathe amefungua hoteli!"

Fundi akatazama mlango, akawatazama wale wavutaji wawili. Kisha akainama, akauacha mkono uning'inie.

"Legeza," nikamwambia, kwa sauti, wote wasikie.