Kijiji Kinaamini Mvua Naichora Mimi

Msomaji wetu wa huko Rukwa ametuomba tufiche jina lake na la kijiji chake, nasi tumekubali.

Ndugu wasomaji, mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Mbeya, sijaolewa. Nilipomaliza chuo cha kilimo nilipangiwa kazi ya Bibi Shamba katika kijiji kimoja cha ujamaa huku Ufipa, nusu siku kutoka Sumbawanga mjini barabara ikiwa nzuri, nayo si nzuri. Naandika mlango nimeufunga kwa komeo ingawa ni mchana. Naogopa, na sioni haya kulisema.

Kazi yangu mojawapo ni mvua. Wakubwa wangu wa mjini hunitumia makadirio ya mvua ya wiki zinazokuja, nami nayachora kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi ya miraba. Siku zikipita napima mvua iliyonyesha kweli, halafu naichora kwa bluu kwenye karatasi ileile. Ukitazama mistari hiyo miwili unaona mara moja utabiri ulipatia wapi na ulikosea wapi. Nilijiona mjanja, nikaibandika mlangoni mwa ofisi ya kijiji kila mtu aone.

Waliipenda. Wazee walinisimamisha njiani kuuliza nyekundu inasemaje, na kichwa kikanivimba. Kisha Januari nyekundu ikashuka hadi chini, na kweli mvua ikakatika, maharage yakanyauka yakiwa kwenye maua. Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja akasimama, akauliza kwa upole kabisa, "Bibi Shamba, ile nyekundu unaichora kabla ya mvua au baada?"

"Kabla," nikajibu, tena kwa majivuno.

Watu walitazamana, na mimi mjinga nikaendelea kueleza faida ya samadi. Nilikuja kuelewa nilichokiri pale nilipofika kisimani, wanawake wote wakaondoa ndoo zao kunipisha. Mtu mmoja wa kijiji cha jirani aliyewahi kusemwa kuwa anafunga mvua alichomewa nyumba akiwa ndani, akaponea dirishani. Nikaibandua karatasi. Wakasema sasa mvua nimeifungia sandukuni. Nikairudisha.

Juzi Mwenyekiti wa kijiji akaja kwangu. Si mtu mbaya. Alisema yeye anajua ile ni karatasi tu, lakini watu wamechemka, na mbegu zilizobaki ghalani zinapandwa mwezi ujao. Akaniomba nichore nyekundu juu ili watu watulie.

Tatizo ni kwamba makadirio mapya yameshafika, nayo yako chini sana. Nilikaa nikalinganisha mistari yote tangu mvua za kwanza, nikiomba Mungu nyekundu iwe na tabia ya kukosea. Inakosea kweli. Lakini kila ilipokosea ilizidisha, bluu ikawa chini yake. Maana yake hata hiyo mvua kidogo wanayoitabiri huenda tusiipate.

Nikichora ukweli, nitakuwa nimefunga mvua tena, na sijui kama dirisha langu linatosha mtu kupita. Nikichora uongo, watapanda mbegu za mwisho kwenye vumbi kwa kuniamini mimi, na watoto wa hapa watalala njaa. Kuondoka bila kibali siwezi, na barua niliyowaandikia huko mjini hawajaijibu.

Leo asubuhi amekuja jirani yangu, mama mtu mzima ambaye tangu nifike hunipikia ugali wa ulezi nikichelewa shambani. Alikuwa amebeba kuku wake anayetaga. Kabla sijamwamkia shikamoo, akapiga magoti mbele yangu, mtu wa umri wa bibi yangu. Nilijaribu kumwinua akakataa.

"Mwanangu," alisema, "tuchoree vizuri."

Nilimweleza karibu kwa kulia kwamba sina uwezo huo, kwamba mimi nachora tu ninachoambiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akadhani kuku hatoshi, akaniahidi na mbuzi.

Nishaurini, ndugu zangu. Mwenyekiti anaingoja karatasi. Nichore nini?