Goli Langu Lilikataliwa na Babangu

Juzi tukiangalia mpira kwa kibanda huku Tassia, refa alikataa goli kwa ofsaidi, watu wakapiga nduru, mimi nikacheka peke yangu. Nikiwa mdogo nilidhani ofsaidi ni kosa la watoto wanene. Kila nikifunga, Oti, kipa wa timu ile nyingine, alipiga kelele, "Ofsaidi, Kibonge! Tumbo imetangulia!" Sheria sikuijua, kwa hivyo nilikuwa nakubali.

Jioni moja, vumbi na harufu ya chapati zikiwa zimejaa uwanjani, babangu akatoka kiwandani akasimama kutuangalia. Nikafunga, mabeki wawili wakiwa mbele yangu. Oti akaanza zake. Nikamgeukia baba anitetee. Akaangalia wale vijana, akaangalia tumbo langu, akainua mkono kama refa.

"Hiyo ni ofsaidi," akasema, na uwanja mzima ukamshangilia.