Chef-bandit Aliyetaka Kufunga Mvua ya Dunia

Wakati wetu, kila Jumamosi saa nane mchana, kulikuwa na mtu anayetaka kuichukua dunia yote, na kazi hiyo aliifanyia mjini kwetu Butembo, nyuma ya jikoni yetu. Ninyi mliokua pamoja nami mnajua ninachosema. Mnakumbuka ile baridi ya asubuhi, ukungu juu ya mikaratusi, chai ya rangi na kiazi kitamu cha jana kilichopashwa kwenye majivu. Mnakumbuka pia sali ya video, chumba cha kuonyeshea filamu: kuta za mbao, mabati juu, mabenchi yasiyokaa sawa, televisheni imewekwa mbele juu ya meza yenye kitambaa kama mgeni wa heshima. Nje kulikuwa na groupe, ile jenereta ndogo, inanguruma huku imefungwa mnyororo ili isitembee na watu.

Mwenye sali alikuwa Kakule. Sisi tulimwita Kakule Sauti. Filamu zake zilikuwa kuukuu hata wakati ule, za Wazungu wenye nywele za kung'aa kwa mafuta, na zote zilikuwa na habari moja. Chef-bandit, ndivyo tulivyomwita mbaya wa filamu, amejificha ndani ya mlima au chini ya bahari. Ana mashine, ana ramani ya dunia ukutani, na anataka marais wote wampigie magoti. Acteur, yaani yule mwema, anakamatwa na kufungwa kamba kwenye kiti. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wenyewe, kwa sababu chef-bandit hamuui. Anakaa, anajimiminia kinywaji, anamweleza mpango wake wote tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kuficha kitu. Huku nyuma acteur anazungusha mikono taratibu na kamba inalegea.

Kiingereza hakuna aliyekijua, na nadhani hata Kakule hakukijua. Lakini alisimama kando ya televisheni na kijiti chake, akageuza kila neno kuwa Kiswahili chetu, na ma-chef-bandit wote aliwapa sauti moja nzito, ya polepole, inayotoka tumboni. "Nitaanza na Butembo," walikuwa wanasema wote. "Kiisha Beni. Kiisha Paris." Sisi tulijisikia sana kuwa wa kwanza.

Ninasema sisi, lakini mimi sikuwa ndani. Mimi ni Masika, binti wa kwanza wa nyumba, kama jina lenyewe linavyosema, na baba yangu, Papa Masika, alikuwa mzee wa kanisa letu la Kiprotestanti. Kwake yeye video ilikuwa mlango wa kupotelea, na kwa mtoto msichana ilikuwa mlango bila kitasa cha kurudia. Lakini ukuta wa jikoni yetu na ukuta wa Kakule zilikuwa karibu kugusana, na mbao zikikauka huacha nafasi. Basi kila Jumamosi nilichukua lungo la maharagi, nikakaa chini kwenye nafasi hiyo, nikachambua. Mama alinisifu kwa majirani wote. "Huyu mutoto anapenda kazi," alikuwa anasema, na ni kweli kwamba maharagi yetu ya Jumamosi hayakuwahi kuwa na jiwe.

Kupitia ule upenyo niliona migongo ya wavulana, na kati ya migongo nikaona kona moja ya televisheni, ya chini. Kwa hiyo wabaya wa dunia niliwajua kwa viatu. Viatu vyao vilikuwa vizuri sana, vyeusi, vya kung'aa, bila hata tope. Sisi tuliokuwa tunatembea kwenye udongo mwekundu wa Butembo tulijua kwamba mtu mwenye viatu kama vile ana nguvu kweli.

Balaa ililetwa na wavulana, mdogo wangu Muhindo akiwa mbele. Siku moja walimkamata mbuzi wa mwalimu wa kwaya, wakamfunga kamba kwenye benchi ndani ya chapelle ya kanisa letu, wakaanza kumwuliza siri za serikali. Mbuzi hakusema kitu. Alikula karatasi za nyimbo. Wazee wa kanisa wakakaa kikao, na wengi walitaka kwenda kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa, juma lile lile ili sali ifungwe. Baba ndiye aliyesema wasihukumu kitu ambacho hawajakiona, na mwenye kusema neno kwenye kikao ndiye anayepewa kazi. Akatumwa aende aangalie, arudi aseme.

Habari hiyo ilininyima usingizi. Mnamkumbuka baba yangu. Alikuwa mtu wa kusema neno mara moja, na likishatoka halirudi. Akisema sali ni mbaya, imekufa, na mimi nitabaki na maharagi matupu maisha yangu yote. Nilimwomba Mungu ampe baba homa kidogo. Hakumpa.

Jumamosi ikafika. Baba alivaa koti la kanisa, akaweka Biblia kwapani, akaingia kwa Kakule mchana kweupe. Kakule alifukuza wavulana kwenye benchi la mbele, akapangusa benchi kwa mkono wa shati lake. Mimi nyuma ya ukuta nilisogeza jicho kwenye upenyo kama ni mimi ninayehukumiwa. Na filamu ya siku ile, jamani, ilikuwa kubwa kuliko zote. Chef-bandit alikuwa amejenga mashine ya kufunga mvua. Mvua ya dunia yote. Hakuna tone litakaloanguka popote mpaka marais wote wapige magoti.

Baba yangu alikuwa mkulima. Mwezi ule tulikuwa tumepanda maharagi na mvua ilikuwa bado inatusumbua, inakuja na kukataa. Nilisikia kikohozi cha baba, kile kinachoonyesha kwamba ameanza kufuata jambo. Viatu vyeusi vikatembea kwenye kona yangu, vikasimama. Kakule kwa sauti ya tumboni akaeleza mpango, Butembo kwanza, Beni, Paris. Kisha chef-bandit akanyamaza ili anywe kinywaji chake.

Hapo baba akasimama. Ndani ya sali ya video, baba yangu akasimama na kunyosha mkono kama mwanafunzi.

"Samahani," akasema. "Donc hii dunia, ukishaipata, utaifanya nini?"

Lungo liliniponyoka mikononi na maharagi yakamwagika. Wavulana walibaki wanamwangalia Kakule. Kakule alimwangalia baba, akaiangalia televisheni, na chef-bandit alikuwa angali na glasi mdomoni. Ilikuwa lazima Kakule ajibu. Akashusha sauti yake mpaka chini kabisa.

"Muzee," akasema, "hata miye mwenyewe hapana jua. Nilikuwa nawaza kuipata tu."

Watu walivunjika mbavu. Walipiga mabenchi, walipiga kuta, vumbi likaniangukia kichwani. Na katikati ya kelele ile nilisikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu nizaliwe, baba yangu akicheka kwa sauti. Nilimpenda siku ile kwa namna ambayo sikujua naweza kumpenda.

Lakini chef-bandit alipoweka kidole chake juu ya buton ya mashine, groupe ikakohoa na kuzima. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kakule kila mara. Alikuwa anaweka mafuta ya kufika karibu na mwisho, na mwisho tuliutunga wenyewe njiani.

"Na mvua?" baba akauliza gizani.

"Mafuta imeisha, muzee. Mpaka Jumamosi ingine."

Baba alirudi nyumbani. Mama alimwuliza ameona nini, akasema kazi haijaisha. Alikula obundu na sombe, ugali wa muhogo na majani yake, huku anaangalia mlango. Na bahati mbaya ni kwamba juma lile mvua haikunyesha. Kila asubuhi baba alitoka nje, akaangalia mbingu, akarudi ndani, akatoka tena. Wazee wenzake walipita kumwuliza neno lake, akawaambia wangoje. Mama alisema polepole nyuma yake, "Mais huyu mwanaume wameshamuharibu." Mimi sikucheka. Na mimi nilikuwa naangalia mbingu.

Jumamosi iliyofuata alienda kwa Kakule na Biblia mkono mmoja, bidon ya mafuta mkono mwingine. Groupe ilinguruma mpaka mwisho wa mwisho. Acteur alikata kamba, mlima ukalipuka, viatu vyeusi vikakimbia kwenye kona yangu na kupotea, na mvua ikafunguka juu ya dunia yote. Ningependa kuwaambia kwamba na kwetu ilinyesha siku ile ile. Hapana. Ilinyesha Jumanne.

Jumapili baada ya ibada, baba alisimama mbele ya kanisa zima. Maneno yake ninayo mpaka leo.

"Nimeona," alisema. "Ule mutu ni mubaya, sitabishana. Lakini anasimama mbele ya batu bote, anasema kile anataka, na ku mwisho anashindwa. Kitu niliona mubaya ni kimoja. Mafuta inaisha mbele ya kufika mwisho, na batoto banarudia nyumbani wakati mubaya angali anashinda. Hiyo ndiyo inaharibu batoto. Kakule asianzishe filme kama hana mafuta ya kufika mwisho."

Wazee waliangaliana. Mmoja alitaka kubisha, akaona uso wa baba, akaacha. Baba alikuwa karibu kukaa, halafu akakumbuka jambo.

"Na Masika atoke kule nyuma ya ukuta, aingilie kwa mulango. Nilisikia maharagi."

Basi sali haikufungwa. Nikaingia kwa mlango, nikakaa benchi la mbele, nikaona nyuso. Niwaambie ukweli, viatu vilikuwa vinatisha zaidi. Na ile ikawa sheria ya mtaa wetu. Hata aliyetaka kupikia wageni au kuanza kujenga aliulizwa kwanza kama ana mafuta ya kufika mwisho.

Leo Kakule yuko mji wa Beni, mtaa wa Beu, anauza sabuni sokoni kwa megafoni. Nikipita huko namsikia kabla sijamwona, kwa sababu sauti ni ile ile ya kufunga mvua, sasa inafunga madoa. Wananunua sana. Vijana hawajui kwa nini sabuni ile inawapa woga.

Na vijana wetu, Mungu awasaidie. Filamu wanazo zote mfukoni, mchana na usiku, bila groupe, bila benchi, bila mtu wa kusimama kando na kijiti. Mwanangu Baraka anazitazama huku anakula na kuandikiana na wenzake. Chef-bandit akianza kueleza mpango, Baraka anamruka kwa kidole. Anataka ngumi tu. Nikamwambia sisi maneno yale ndiyo tuliyolipia, akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Baba naye yuko kwangu sasa. Tulipokwisha kukua alikuwa amepata shamba kule Mabalako, akapanda kakao, na kakao ikampenda. Kisha asubuhi moja watu wenye silaha waliingia mashambani. Hawakusema majina yao. Hawakusema wanataka nini. Jirani zake wengine hawakutoka huko, na baba alifika Butembo na mfuko mmoja na tope mpaka magotini. Ninaumia kila nikimwona amekaa mlangoni akiangalia mbingu, kwa sababu mvua inanyesha vizuri na hakuna shamba la kunyeshea.

Juzi Baraka aliipata filamu ile. Ni ile yenyewe, ya mashine ya mvua. Tuliketi jikoni, baba kati yetu, simu imeegemezwa kwenye sufuria. Chef-bandit alipoanza kueleza, Baraka akanyosha kidole amruke, na baba akamshika mkono.

"Muache aseme."

Akasikiliza Kiingereza kile chote akiitikia kwa kichwa. "Hapa anasema ataanza na Butembo," akamwambia mjukuu.

"Sokulu, hasemi hivyo," Baraka akajibu. Sokulu ndiyo babu kwa Kinande chetu. "Hakutaja Butembo."

"Ametaja. Sikiliza muzuri."

Baraka alicheka, kisha akamwuliza kwa nini anampenda mtu mbaya namna ile.

"Sababu huyu nilimuuliza," baba akasema, "na akanijibu."

Mtoto akaacha kucheka. Halafu akauliza kile ambacho sisi wakubwa nyumbani humu hatujawahi kuthubutu kukiuliza. "Na bale ba kule Mabalako, uliwauliza?"

"Hakukuwa mutu wa kuuliza."

Kwenye simu, viatu vyeusi vilitembea na kusimama. Chef-bandit akajimiminia kinywaji, akainua glasi, na maneno yakakatika. Baba akainama karibu na simu. Nilijua anachongoja, na nilijua kwamba kwenye filamu hakipo, hakijawahi kuwapo. Midomo yake ilikuwa inatembea, inauliza tena lile swali bila sauti. Yule wa kwenye simu alikuwa anakunywa tu.

Nikashusha sauti yangu mpaka tumboni.

"Muzee," nikasema, "hata miye mwenyewe hapana jua. Nilikuwa nawaza kuipata tu."

Baba hakugeuka kuniangalia. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kilicho chake, akaegemea ukuta. Kisha akamgusa Baraka begani na kumwuliza kama simu ina chaji ya kufika mwisho.