Ukuta wa Jikoni kwa Mama Wekesa

Nakumbuka Jumamosi moja kule Molo, mwanangu, kwenye ile baridi ambayo hata ukiongea unatoa moshi mdomoni, nilipomkuta mwanamume mzima akila kuku ndani ya gari lake, sahani juu ya usukani, nje ya nyumba niliyoichora upya mimi. Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Mvi sina, na miaka tangu nimalize chuo naihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini kosa humzeesha mtu haraka, nawe ndio kwanza unaanza kazi hii ya kupanga na kupamba nyumba za watu, basi nivumilie.

Kazi ile nilipewa na Wekesa, kijana wa kwenye mitambo ya umeme Olkaria. Alitaka kumtengenezea mama yake, aliye mjane, nyumba ya kumpumzisha. Tulikuwa tunazungumza kwa simu tu.

"Boss, we fanya," aliniambia. "Mathe amepikia moshi maisha yake yote. Nataka jiko kama ya Nairobi, ile imeshikana na sebule."

Kabla ya kwenda kumwona mama yake niliandika maswali kumi na moja kwenye daftari. Kisha nikaanza kuyafuta. Hili litanifanya nionekane sijasoma. Hili ni la umbea. Hili ataliona la kitoto. Nilipofika Molo yalikuwa yamebaki mawili: rangi ya kuta na ukubwa wa friji. Kuuliza si ujinga, methali hiyo niliijua tangu shule ya msingi. Kuijua methali na kuitii ni mambo mawili.

Mama Wekesa alinipa chai, akaangalia michoro yangu ukurasa kwa ukurasa. Halafu akainuka, akaweka kiganja kwenye ukuta uliotenga jikoni na sebule.

"Na huu?"

"Huo tunautoa, Mama. Mwanga utaingia vizuri, na utakuwa unapika huku ukiongea na wageni."

"Wageni wote?"

"Wote, Mama."

Akacheka kidogo. "Haya. Nyinyi ndio mmesoma."

Mimi nikaichukua hiyo kuwa ruhusa. Njia nzima ya kurudi Nakuru nilijiuliza kama nilikunywa chai haraka mno, kama kiti nilichokalia kilikuwa chake, kama nilipaswa kuvua viatu mlangoni. Swali lake lile fupi halikunirudia hata mara moja. Ndivyo wasiwasi ulivyo, mwanangu: unakunyima usingizi kwa madogo na kukulaza fofofo kwa makubwa.

Ukuta uliangushwa asubuhi moja. Wekesa akaja na wenzake wa kazini, wakapiga picha, akanisifu hadi nikaona haya.

Miezi mitatu baadaye nilirudi na kamera yangu, nipate picha za kuwaonyesha wateja wengine. Ndipo nikamkuta huyo mtu garini. Alikuwa Barasa, mume wa Nekesa, binti wa Mama Wekesa.

"Mbona unakula nje na baridi hii?" nikamuuliza.

"Hii ndiyo hoteli yangu siku hizi, madam," akasema akicheka. "Ukiona weita huko ndani, mwambie chumvi imesahaulika."

Ndani, jiko jipya lilikuwa safi kama la dukani. Mama mwenyewe nilimpata nyuma ya nyumba, katika kibanda chake cha zamani cha kupikia, macho mekundu kwa moshi. Alinisogezea kigoda, akanieleza taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kumenya viazi. Kwa mila za kwao, mkwe na mama mkwe hawakai wakitazamana, sembuse kula. Zamani Barasa alikaa sebuleni, yeye jikoni, na ukuta katikati. Walisalimiana wakiwa pande mbili za ukuta, wakataniana kuhusu bei ya viazi, na Barasa alikuwa akilala hapo siku mbili, kwenye chumba cha nje. Sasa Mama akiwa jikoni ni kama ameketi meza moja na mkwewe. Kwa hiyo mmoja alihamia kibandani na mwingine garini, na ziara za siku mbili zikawa za saa moja.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Si nilikuuliza kama ni wageni wote?" Akachochea moto. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, binti yangu. Na wewe hukumuuliza anayekilalia."

Nikamwambia nitaurudisha ukuta. Akakataa. "Wacha. Wekesa ameleta marafiki wakaona. Nitamvunja moyo. Usimwambie."

Nikamtii, mwanangu, tena kwa furaha, kwa sababu ukimya ulinifaa mimi kuliko yeye. Nilikuwa naandika ujumbe kwa Wekesa, nasoma, nafuta. Krismasi ikafika, Nekesa akaja na watoto bila baba yao. Pasaka haikuja hata gari. Hapo ndipo Mama aliponipigia simu kuniuliza tu kama niko mzima, wala hakutaja ukuta, nami nikashindwa kuvumilia. Nikampigia Wekesa.

Nilipomweleza yote, aliuliza: "Umejua tangu lini?"

"Tangu Novemba."

"Huo ukuta ningejenga na mikono yangu. Mbona ulininyamazia?"

Nikamwomba msamaha, nikamwita fundi siku hiyo hiyo.

Ukuta ulijengwa tena ndani ya siku nne, na Barasa akarudi kula sebuleni. Krismasi ile na Pasaka ile hazikurudi. Mama Wekesa ni mwanamke wa umri mkubwa. Sikukuu zake si za kugawa ovyo, na mimi nilimpotezea mbili. Nyumba njema si mlango, nami nilikuwa nimeutazama mlango tu.

Basi sikiliza, mwanangu. Mteja si yule anayelipa peke yake. Mteja ni yule pia atakayeamka ndani ya nyumba hiyo kila siku. Kaa naye kabla ya kufungua michoro. Muulize ni nani humtembelea, huketi wapi, na ni nani hapaswi kumwona akiwa jikoni. Ukiona aibu, uliza na aibu yako. Mzee akikuambia "nyinyi ndio mmesoma", usishukuru. Weka kalamu chini umuulize upya, maana huenda amekukatalia kwa heshima. Na ukikosea, sema wiki hiyo hiyo, hata sauti ikitetemeka. Samahani inayochelewa hula siku za watu wengine.

Mungu akupe sikio jepesi na ulimi usioogopa. Akujalie wateja watakaokukaribisha chai hata baada ya kazi kwisha, nawe uinywe bila kuinamisha macho. Amina.